Huduma ya Upatanisho: Somo Kutoka Sayari ya Mirihi

Andiko: 2 Wakorintho 5:18-20 na Mathayo 5:23-24

Andiko letu la wiki hii mnalijua. Paulo anawaeleza Wakorintho kwamba Mungu alipotupatanisha naye kupitia Kristo, hakutuacha tukae tu tukifurahia wokovu wetu. Alitukabidhi kazi, na kazi yenyewe ni kupatanisha. Naye Bwana Yesu katika Mathayo anaenda mbali zaidi: ukifika madhabahuni na sadaka mkononi, ukumbuke kuna mtu mmekosana, acha hiyo sadaka hapo hapo uende kwanza. Fungueni Biblia zenu msome wenyewe, kwa sababu nataka kutumia ukurasa huu kwa sehemu ya mahubiri ambayo ibada ya pili haikuisha. Wengine mmenipigia simu mkiuliza, "Mchungaji, ile mambo ya Mirihi ulikuwa unamaanisha nini hasa?" Basi nitaeleza polepole.

Kwa wageni, kabla sijaitwa kwenye huduma nilifundisha kemia katika shule ya sekondari kwa miaka 11. Kwa hivyo nikihubiri, chaki inatokea yenyewe. Mnivumilie.

Mirihi ni ile nyota yenye wekundu ambayo usiku haimetimeti kama zile zingine. Si nyota hasa, ni sayari, dunia nyingine inayolizunguka jua kama yetu, ila iko mbali zaidi na jua. Siku yake inakaribiana sana na yetu, ni saa 24 na dakika karibu 40. Mwaka wake ni siku zetu 687. Ni kavu na ni baridi. Kwenye ncha zake wakati wa baridi, hewa yenyewe huganda na kuanguka chini kama theluji. Na hewa yenyewe ni nyembamba ajabu. Ukipima msukumo wa hewa ukiwa ufuoni Mombasa, halafu upime kule, wa kule haufiki hata sehemu moja kwa mia.

Sasa hiyo hewa kidogo imetengenezwa na nini? Ukiigawa mafungu 100, mafungu 95 ni kaboni dioksidi, ile gesi inayotoa povu kwenye soda, ile ambayo sisi tunaitoa tukipumua. Zinazobaki nyingi ni nitrojeni na agoni. Oksijeni haifiki hata robo ya fungu moja. Na mvuke wa maji? Hapo sikieni vizuri, maana tutarudi. Ungekusanya mvuke wote ulio angani Mirihi, uushushe chini uwe maji, uusambaze sawasawa juu ya sayari nzima, kina chake kingekuwa kama sehemu moja ya mia ya milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hayo maji.

Jua linaipiga hiyo hewa kila siku. Mwanga wa jua si wa aina moja. Kuna tunaouona, na kuna ule mkali tusiouona, unaoitwa miale ya urujuanimno. Ile mikali kuliko yote ikiipata molekuli ya kaboni dioksidi inaipasua kama shoka linavyopasua kuni. Upande mmoja inabaki kaboni monoksidi, upande wa pili atomu moja ya oksijeni iko peke yake. Jambo hili linatendeka mchana wote, kila mchana, miaka yote. Wanasayansi wanaliita fotokemia, yaani kemia inayofanywa na mwanga.

Nisimame kidogo hapo kwa kaboni monoksidi, kwa sababu hiyo mnaijua hata kama hamjui jina. Ni ile gesi ya jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Haina harufu, haina rangi. Inaingia kwenye damu na kukalia mahali pa oksijeni, mtu analala haamki. Mwezi wa saba baridi ikikaza huku kwetu, kila mwaka tunasikia familia iliyolala na jiko. Wapendwa, toeni jiko nje kabla hamjalala, hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Sasa hivi sitoi mfano wa kiroho. Nazungumza juu ya jiko.

Turudi Mirihi. Vile vipande viwili, kaboni monoksidi na ile oksijeni iliyoachwa peke yake, mtu angefikiri vikikutana tena vitarudiana. Vilikuwa kitu kimoja jana. Lakini havirudiani, au tuseme vinarudiana kwa shida na polepole mno kiasi kwamba ni kama havirudiani. Oksijeni ikikutana na oksijeni mwenzake zinashikana haraka kuliko hapo, zinakuwa gesi ya oksijeni. Lakini vile vilivyopasuliwa kutoka kwa mwili mmoja ndivyo vinapishana hewani bila kushikana.

Nikifundisha darasani nilikuwa nawaambia wanafunzi waandike hapo, "Ajabu." Leo nawaambia nyinyi, mwangalie nyumba zenu.

Basi wanasayansi wakapiga hesabu. Kama jua linapasua kila siku, na vilivyopasuliwa havirudiani, basi kwa miaka elfu chache tu hewa yote ya Mirihi ingepaswa kugeuka. Kaboni dioksidi ingeisha, na sayari ingejaa ile gesi ya jiko pamoja na oksijeni. Na Mirihi haikuumbwa juzi. Lakini vipimo vilipokuja, miaka ya 1960 na kuingia ya 1970, vilionyesha kaboni dioksidi bado iko pale, 95 kwa 100, na vipande vilivyovunjika ni vichache kabisa. Kuna kitu kilikuwa kinaunganisha kila kilichopasuliwa. Kitu gani?

Jibu lilichapishwa mwaka 1972, na walilifikia watu wa makundi mawili mbalimbali, McElroy na Donahue upande mmoja, Parkinson na Hunten upande mwingine. Ni ule mvuke. Ule ambao ukiushusha haufiki unene wa unywele.

Nitaeleza kama nilivyokuwa naeleza darasa la kidato cha tatu. Jua linapasua hata maji. Maji yakipasuliwa yanatoa kipande kimoja kinachoitwa haidroksili, ambacho ni oksijeni moja na haidrojeni moja. Nilipotaja neno hilo madhabahuni watoto wa Sunday School walicheka sana, na mimi nikacheka nao. Hiki kipande kinaenda kwa kaboni monoksidi na kuipa oksijeni yake mwenyewe. Inayoipa haikuokotwa njiani, ni ile iliyokuwa sehemu ya mwili wake. Hapo hapo kaboni dioksidi imerudi, imekuwa nzima. Mtoaji anabaki haidrojeni tupu, amepungukiwa. Lakini haiishii hapo. Ile haidrojeni inashikana na gesi ya oksijeni, kisha inaikuta ile oksijeni nyingine iliyokuwa inazurura peke yake, na mwisho wa safari inatoka tena ikiwa haidroksili kamili, tayari kwenda kwa kaboni monoksidi ya pili, na ya tatu, na ya elfu.

Kwenye kemia kitu cha namna hiyo tunakiita kichocheo. Kinaingia katikati ya wawili, wanaunganika, chenyewe kinatoka na kuendelea na kazi. Kwa sababu hakiishi, hakihitajiki kingi. Sayari nzima imeshikiliwa isigeuke kuwa chumba chenye jiko la makaa, na kinachoishikilia ni unyevu ambao ungeuanika kwenye kamba usingeuona.

Sisemi kwamba Kristo ni haidroksili. Mtu asiende nyumbani na maneno hayo akasema mchungaji ndiye alisema. Bwana wetu ni Bwana, gesi ni gesi. Ninachosema ni kwamba Yule aliyeviumba vyote haoni aibu kutumia kidogo, na ukiangalia jinsi anavyofanya kazi angani hutashangaa ukiona anafanya vivyo hivyo katika familia.

Maana iko familia moja. Wenyewe wamenipa ruhusa niseme bila majina, na wengi wenu mnaijua, wengine ni majirani zao. Ndugu wawili wa tumbo moja. Baba yao alilala miaka sita iliyopita bila kuacha wosia. Shamba ni ekari nne na hati iko kwa jina la marehemu. Mkubwa anasema mzee alimwonyesha mpaka kwa mkono, mdogo anasema mpaka ulikuwa kwenye mgumo, na mgumo ulikatwa. Chifu amekuja, mpima ardhi amekuja, wakili analipwa. Miaka sita hawajasalimiana. Wote wawili wameokoka. Wote wanashiriki Meza ya Bwana hapa hapa, mmoja anaketi upande wa kwaya na mwingine karibu na mlango, na nikiwa pale mbele na mkate mkononi naona ile nafasi kati yao kama naona korongo.

Mama yao ana miaka 81. Jumapili hii anakula kwa huyu, Jumapili ijayo anakula kwa yule. Krismasi anakula mara mbili kwa siku moja, na ana kisukari. Nilipomtembelea mwezi jana aliniambia, "Pastor, mimi siogopi kufa. Naogopa hawa watoto watakutana kwa kaburi langu, na watakuja na polisi."

Hilo lilinikosesha usingizi.

Lakini kuna mtu mmoja anayevuka ule ua. Ni binti wa yule mdogo, yuko darasa la sita. Kila jioni anapeleka chupa ya maziwa kwa mama mkubwa, mke wa yule kaka, kwa sababu ng'ombe wao alikauka. Hakuna aliyemtuma mara ya kwanza. Alienda, hakupigwa, akaenda tena. Anarudi na chupa tupu, wakati mwingine na parachichi. Ile boma bado ina neno "sisi" kwa sababu ya hiyo chupa.

Nikimwona huyo mtoto nafikiria ule mvuke. Halafu nakasirika kidogo, niseme kweli, kwa sababu hiyo kazi sisi watu wazima tumemwachia mtoto wa darasa la sita. Wazee wa kanisa tunapita kwa ile barabara tukisema, "Hayo ni mambo ya ukoo." Hivi Paulo aliandikia watoto?

Sasa nilisema kuna ozoni, na wengine mlikuwa mnaingojea. Ozoni ni oksijeni tatu zilizoshikana pamoja. Ile oksijeni tunayovuta ni mbili, na yenyewe jua linaipasua; oksijeni moja iliyoachwa ikijiunga na mbili, ndiyo ozoni hiyo. Kwetu duniani iko juu kabisa, sehemu kubwa kati ya kilomita 15 na 35 kwenda juu, na ungeishusha yote ufuoni na kuikandamiza pamoja ingekuwa utando wa milimita tatu hivi. Milimita tatu! Na utando huo ndio unaozuia ile miale mikali isitufikie. Kule Mirihi hakuna utando wa kutosha. Maeneo mengi ozoni yao ni karibu sehemu moja kwa elfu ya yetu, na hata pale inapojaa zaidi ni asilimia chache tu. Ndiyo maana miale inafika mpaka udongoni. Wametengeneza mwanga wa namna hiyo kwenye maabara na kuumulika kwa bakteria zilizo ngumu kufa, nazo zikafa ndani ya dakika.

Chombo cha Wamarekani kilichoitwa Mariner 7 kilipita karibu na Mirihi mwezi wa nane mwaka 1969 na kuona dalili za ozoni upande wa ncha ya kusini. Miaka miwili baadaye, Novemba 1971, Mariner 9 ikawa chombo cha kwanza kabisa kuzunguka sayari nyingine, na ikakaa huko ikiangalia misimu inavyobadilika. Vyombo vya Ulaya vimeendeleza kazi hiyo, Mars Express tangu mwisho wa 2003 na Trace Gas Orbiter tangu 2016. Walichokiona wote ni hiki: ozoni na mvuke havikai pamoja. Kipindi cha joto mvuke ukipanda, ile jamaa ya haidroksili inaila ozoni. Ozoni inarundikana wapi basi? Kwenye ncha, katikati ya majira ya baridi, gizani, mahali ambapo mvuke wote umeganda na jua halichomozi kwa miezi.

Mmeona kichekesho? Kinga kubwa kuliko zote iko pale ambapo hakuna jua la kukinga. Ni kama mtu aliyefungua mwavuli ndani ya nyumba, amelala nao kitandani.

Mtu makini ataniambia, "Mchungaji, umegeuza mfano. Ozoni kwetu ni nzuri, kule unaicheka." Ni kweli nimeugeuza, na sitaomba radhi, kwa sababu uumbaji si hadithi ya sungura na fisi ambayo kila mnyama ana tabia moja. Ozoni yetu imewekwa mahali pake, kati ya jua na sisi, na ni baraka. Ozoni ya Mirihi imerundikana penye baridi na giza na ukavu, na nikiiona pale naiona ile boma. Miaka sita hawa ndugu wamerundika kinga. Wana wakili, wana binamu za kushuhudia, wana meseji zilizohifadhiwa kwenye simu tangu mazishi, wana mistari ya Biblia, kila mmoja na yake. Kinga wanazo tele. Joto hakuna. Na mvuke ukiingia mahali kama hapo, kitu cha kwanza kinachotokea ni kinga kuanza kupungua, na hiyo inaogopesha. Yule kaka mkubwa aliniambia waziwazi, "Nikimsalimia itaonekana nimekubali mpaka wake." Namwelewa. Wakili naye angemwambia hivyo hivyo. Lakini angalia, kaka yangu: sijasema utie sahihi. Nimesema umsalimie.

Kuna upande mwingine wa hii habari ya vichocheo, na huu ni wa hapa hapa duniani. Mwaka 1985 wanasayansi watatu wa Uingereza, Farman, Gardiner na Shanklin, walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika inapungua vibaya kila majira ya kuchipua ya huko. Mharibifu alikuwa klorini kutoka kwa gesi za friji na za makopo ya kupuliza. Klorini nayo ni kichocheo. Inavunja ozoni, inatoka salama, inaenda kuvunja nyingine. Atomu moja inaweza kuvunja maelfu kabla haijatulizwa. Kwa hiyo usifikiri kidogo ni cha Mungu peke yake. Yakobo alitangulia kutuonya juu ya ulimi na moto wa msituni. Kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp, mmoja tu, anayepeleka maneno ya boma hili kwa boma lile, na yeye hapungui chochote. Anatoka mzima kila mara. Kesho yuko kwa mwingine.

Lakini mataifa yalikaa chini. Mwaka 1987 yakatia sahihi Mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi hizo, na baadaye kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa ikaridhia, jambo ambalo kwa mikataba ni nadra mno. Na mnajua ofisi inayosimamia mkataba huo iko wapi? Iko Nairobi, kule Gigiri. Ukipanda matatu ya kwenda Ruaka kupitia Limuru Road, unaipita karibu. Na pale Dagoretti Corner watu wetu wa Idara ya Hali ya Hewa wamekuwa wakirusha puto zenye kifaa cha kupima ozoni juu ya vichwa vyetu. Nchi ambazo hazikubaliani hata juu ya mpira zilikubaliana juu ya milimita tatu za hewa. Ekari nne haziwezi kuwashinda watu waliojazwa Roho Mtakatifu.

Hapa nataka kuzungumza na vijana, na wazazi msikilize pia. Kuna mhubiri aliyekuja mtaani kwetu kwenye mkutano wa hadhara, sitamtaja, akawaambia vijana kwamba habari za sayari ni uongo na masomo ya sayansi ni mtego wa shetani. Wiki iliyofuata kijana wetu mmoja wa kidato cha tatu, mpiga kinanda, akaacha kuja. Hakuacha kwa kupenda dhambi. Aliambiwa achague, naye akaona kitabu chake cha kemia hakijawahi kumdanganya. Nilimfuata kwao tukaongea mpaka saa nne za usiku, tukakunywa chai vikombe vitatu. Nikamwambia Zaburi ya 19 haijaweka mpaka wa mbingu inazozungumzia, haijasema zinaishia Athi River. Daudi aliangalia kwa macho matupu akasifu. Sisi tumepewa vyombo vya kuangalia zaidi. Basi tusifu zaidi.

Akaniuliza swali ambalo lilinifurahisha kuliko mahubiri yangu yote ya mwaka huu. Alikuwa amesoma kwamba gari la Wamarekani liitwalo Curiosity, ambalo limekuwa likitembea Mirihi tangu 2012, limepima oksijeni ya pale lilipo na kukuta inapanda majira ya kuchipua na ya kiangazi kuliko hesabu zinavyotaka, hadi kwa asilimia 30, kisha inashuka tena. Mwaka 2019 waliopima walitangaza na kusema wazi hawajajua inatoka wapi. "Mchungaji, inatoka wapi?" Nikamwambia hao waliopeleka gari hawajui, mimi nitajuaje? Nenda chuo, usome, utuambie. Kama wewe ndiye Mungu anakuandaa kujibu hilo, ole wangu nikikufukuza kanisani. Amerudi kwenye kinanda. Wazazi, msiwaombee watoto wenu waogope vitabu.

Turudi kwa ile boma, maana sikuandika haya yote ili mjue habari za Mirihi tu.

Kuna kitu kimoja kwenye ule mzunguko nilikipita haraka. Haidroksili haisubiri kaboni monoksidi na oksijeni zitamani kurudiana. Kama ingesubiri, ingesubiri milele. Zenyewe kwa zenyewe haziwezi. Na haianzi kwa kuomba oksijeni kwa yeyote. Inaanza kwa kutoa ya kwake. Wengi wetu tumewahi kupatanisha watu kwa kuwaita wote wawili na kuwaambia kila mmoja alegeze. Tunakuja mikono mitupu, tunaondoka mikono mitupu, tumekunywa soda yao. Mpatanishi anayegharamika ni tofauti. Labda ni muda wako, Jumamosi tatu au nne. Labda ni urafiki wako na mmoja wao, kwa sababu utaambiwa umegeuka. Labda ni kulipia mpima ardhi wa pili ambaye wote wawili watamwamini. Kristo hakuja kutupatanisha na Baba akiwa ameketi mbali akitoa ushauri. Alitoa mwili.

Na kama unajiona umeshatoa mara nyingi ukabaki mtupu, nakusihi usijihesabu umekwisha. Kwenye ule mzunguko, kipande kilichopungukiwa ndicho kinachokutana na oksijeni na kujazwa tena, na kinakutana nayo kikiwa safarini. Eliya alimwambia mjane wa Sarepta amtengenezee yeye kwanza, na pipa la unga halikuisha. Siwezi kukupa hesabu ya jinsi ilivyokuwa. Nimeona tu kwamba waliotangulia kutoa ndio wanaopata cha kutoa kesho, na ninao ushuhuda wa wamama wa kundi la maombi la Jumatano, ambao hawana kitu na hawajawahi kukosa.

Basi iko hivi. Ndugu wote wawili wamekubali, kila mmoja kwa wakati wake na kwa maneno machache, kwamba Jumamosi ijayo saa nne asubuhi watakuja kwa nyumba ya mama yao. Hawajakubali chochote zaidi ya kuja. Wakili hatakuwepo, na hatutaongea juu ya mpaka siku hiyo. Tutaanza na mzee, kila mmoja asimulie kitu kimoja anachokumbuka juu ya baba yao. Mimi nitakuwepo. Mzee mmoja wa kanisa amekubali kufuatana nami. Namtafuta mtu wa tatu, asiyekuwa wa ukoo wao na asiyekuwa na shamba linalopakana na lao, mwanamume au mwanamke, anayeweza kunyamaza saa mbili mfululizo. Anipigie kabla ya Alhamisi jioni. Na yule mwenye maziwa ya ziada Jumamosi hiyo, aniletee lita tano. Mama amesema atapika chai mwenyewe, na ameshakataa kusaidiwa.